Haabu ya Mbele, Upande wa Kushoto

Alizaliwa wapi, baba yake nani, kwao wanakula nini, hayo usiniulize mimi. Nilimjua kwa mikono yake iliyonuka grisi hata siku ya Pasaka, na kwa lile gari lake kuukuu la fo-wili lililokaa nyuma ya magorofa yetu ya Bugolobi, gurudumu moja limetolewa, ekseli imelazwa juu ya gogo. Tulimwita Papa. Wakongomani humwita hivyo mwanamume yeyote mwenye heshima zake, na sisi majirani wengine tukafuata mkumbo. Yeye aliniita Mama Spea, kwa kuwa nilikuwa nauza vipuri kwenye duka moja kule Nakivubo, na beringi ya kwanza aliyonunua Kampala ilitoka mkononi mwangu.

Siku hiyo alinichosha, ndiyo maana naikumbuka. Aliingia na beringi iliyoungua hadi chuma kikageuka rangi, ameifunga kwenye leso, akaiweka juu ya kaunta taratibu. Nikamwambia, "Mzee, hii imekwisha."

"Minajua, mama. Nipe ingine, mbio mbio. Bibi yangu ananingojea mu njia."

Mimi nikachungulia mlangoni nimwone huyo bibi aliyeachwa juani. Nakivubo saa sita mchana, teksi zinabanana na wapagazi wanapiga kelele wapishwe, si mahali pa kumsimamisha mwanamke. Sikumwona mtu. "Yuko wapi?"

"Kongo," akasema.

Basi nikamvutia kiti.

Habari yenyewe alinisimulia pale pale, na baadaye akairudia kwa majirani mpaka kila mtu kwenye gorofa letu akaijua. Vita vilipofika mjini kwao aliamua kukimbilia Uganda na mkewe na mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa imemshinda. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kina watu wenye bunduki wanaopekua mpaka nywele za wanawake. Mke alitaka kushonea dhahabu zao kwenye pindo la kitenge: pete yake ya ndoa, herini, na mkufu wa mama yake. Papa akakataa. Yeye ni fundi, alijua mahali ambapo askari hatapekua. Asubuhi ya kuondoka alifungua haabu ya mbele, upande wa kushoto, yaani kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, akazifunga dhahabu kwenye kipande cha nailoni, akazizika ndani ya grisi, akafunga.

Walipita vizuizi vyote. Askari walichukua redio, wakachukua magodoro, wakamvua mama mkwe viatu, na haabu hakuna aliyeigusa. Papa akawa anacheka mwenyewe kwenye usukani, anamwambia mkewe, unaona? Kisha, mpaka umeshakaribia, ile nailoni ikayeyuka, ikaingia kwenye beringi, grisi ikakauka na gurudumu likaanza kulia. Likalia mpaka likaanza kucheza. Akawashusha wanawake kwenye kanisa dogo kando ya barabara ili gari lipungue uzito. Akamwambia mkewe, "Mukae hapa. Natengeneza gurudumu, nakuja." Akavuka mpaka mwendo wa kinyonga, Kasese akakosa beringi ya saizi ile, akalipakia gari kwenye lori mpaka Kampala. Akafikia kwa mtu wa kwao aliyekuwa na chumba Bugolobi. Siku alipofunga beringi niliyomuuzia, redio ikasema kule nyuma watu wanapigana na njia imefungwa.

"Na dhahabu?" nilimuuliza.

"Nilikuta vipande mu grisi, mama. Sikujua gani ni pete, gani ni mkufu. Yeye mwenyewe alivua mu kidole akanipa." Alifungua kiganja akakitazama, kisha akakifunga.

Huyo ndiye mtu wetu. Mke kanisani, yeye Bugolobi, na katikati gurudumu.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kukaa na kulia. Alikuwa na mdomo, na tena alikuwa na kazi. Bugolobi iko ubavuni mwa viwanda, na miaka ile Kampala ilijaa magari makuukuu ya fo-wili. Mengine yalibaki na matundu ya risasi ya vita vilivyoingiza serikali mwaka themanini na sita, yamezibwa na kupakwa rangi. Madereva walimletea wakijua kwamba kwa haabu za mbele hakuna kama Papa. Injini hakugusa, breki aligusa kwa kununa, lakini haabu, hapo utamwona anavua saa ya mkononi na kuitia mfukoni.

Kwanza jiwe, halafu jeki. Hilo alilisema kila mara, hata kama mbele yake yuko fundi mwenzake. Jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma, kisha jeki, kisha gogo chini ya ekseli, ndipo atoe gurudumu. Anang'oa kile kikofia cha mbele, anaondoa pete ya chuma inayobana ncha ya ekseli, analegeza boliti za kifuniko. Kifuniko hakitoki kwa hasira. Alikuwa anakigongagonga pembeni na nyundo ya shaba, anazunguka nacho, huku anazungumza habari nyingine kabisa, bei ya maharage au mahubiri ya jana, mpaka chenyewe kinaachia. Hapo ndipo unazikuta nati mbili kubwa, na katikati yao washa nyembamba yenye masikio, ambayo sikio lake limekunjwa juu ya nati ili isilegee. Analinyoosha sikio kwa patasi, anafungua nati ya nje, anatoa washa, anafungua ya ndani, kisha anaweka kiganja mbele ya haabu ili beringi isiangukie mchanga, anaivuta haabu kwake polepole kwa mikono miwili. Nimeuza beringi maisha yangu yote na sijaona mtu mwingine anayepokea haabu vile.

Wakati wa kurudisha ndipo ugomvi. Watu wa Kampala tulizoea kubana matumizi. Washa ya zamani inanyooshwa kwa nyundo inarudishwa. Papa hakutaka kusikia. Washa iliyokunjwa mara moja, haikunjwi tena. Dereva mmoja wa Kenya, kijana wa kwetu mwenye haraka zake, akamwambia, "Babu, funga hiyo hiyo, mimi niko na safari." Papa akaichukua haabu, akaiweka chini, akaikalia. Akaikalia kabisa na suruali yake! Kijana akafoka, akaomba, akaja kwangu gorofani kulalamika kwamba huyu Mkongomani wako ni kichaa. Nikamwambia aende Nakivubo akalete washa. Alipoileta, Papa akainuka, akamfungia, akampa na chai.

Kwa chakula alikuwa mkarimu kupita kiasi. Kwa mafuta ya taa alikuwa bahili wa kutupwa. Yale mafuta ya kuoshea beringi aliyachuja kwa kitambaa, akayatumia tena, akayachuja, mpaka yakawa meusi tii, na ukithubutu kuyamwaga utajua jina la mama yako. Alikuwa na huruma kwa kila mtu aliyekwama njiani, hata wale matapeli wa teksi. Lakini watu wa kwao waliokuja na basi wakitaka kusimulia ya nyumbani aliwakata kauli. Hilo lilinichukua muda kulitambua. Alikuwa anawauliza bei ya unga, mvua, nani kawa askofu, nani kajenga. Kuhusu lile kanisa la kando ya barabara hakuuliza kamwe. Mtu akilitaja tu, Papa anasimama, anakumbuka kuna spana ameiacha mahali.

Na Kiswahili chake! Mwanzoni kilimponza. Kampala ile, mama mtu mzima wa Kiganda akisikia Kiswahili moyo unamruka, maana kwa miaka mingi aliyekisema alikuwa na bunduki na anataka ufungue mkoba. Papa anamsalimia jirani ngazini, jirani anajibana ukutani. "Mama, mi si askari, mi ni fundi," anasema, na ndivyo anavyozidi kumtisha. Ikabidi ajifunze kusema nnyabo, yaani mama kwa Kiganda, ajifunze kuinamisha kichwa, na baada ya muda wale wale akina mama wakawa wanampelekea matoke ya mvuke yaliyofungwa majani. Kwangu alikuja kuongea. Mimi Mluhya wa Kenya, Kiswahili changu na chake vilikuwa vinagongana kila sentensi, lakini tulielewana, na aliwahi kuniambia kwamba asipokisema siku mbili tatu anaanza kuisahau sauti ya mkewe.

Mlinzi wa magorofa, Mganda mmoja mcheshi, ndiye aliyekuwa akimchokoza. Kila asubuhi anapita na rungu lake. "Papa! Motoka hii natembea rini?"

"Kesho."

"Kesho ya Uganda ao ya Kongo?"

Wanacheka wote wawili. Nilikuwa nawasikia kutoka dirishani nikichemsha chai, na miaka ya kwanza hata mimi nilikuwa nacheka.

Kisha njia ikafunguka. Si kwa tangazo, ilifunguka vile njia hufunguka: malori yakaanza kuja na kahawa na mbao, wafanyabiashara wakaanza kwenda na kurudi, na siku moja mteja wangu mmoja wa kule akaniambia, mama, sasa tunapita tu, unatoa kidogo kizuizini unapita. Nilifunga duka mapema. Nilipanda zile ngazi na miguu yangu hii mibovu nimpelekee Papa habari.

Alifurahi mpaka akanikumbatia, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Gorofa zima likaingia mbioni. Huyu kachoma mahindi ya safari, huyu kaleta shuka kwa ajili ya mama mkwe, padre wa Wakongomani akaja kunyunyizia gari maji ya baraka. Aliliwasha, akalizungusha mpaka barabara ya Port Bell na kurudi, linaenda vizuri, mimi nimekaa mbele, mlinzi nyuma anapungia watu kama mheshimiwa. Tukaagana. Asubuhi nikashuka na chupa ya chai ya kumpa njiani.

Nikakuta gurudumu la mbele kushoto limetolewa na haabu iko juu ya gunia.

"Nimesikia kelele," akasema.

"Kelele gani?" mlinzi akauliza. "Motoka imerala usiku muzima."

"Nimesikia. Nitaangalia beringi, kesho nakwenda."

Beringi ilikuwa nzima. Mimi ndiye ninayeziuza, naijua nzima na naijua mbovu. Nikaizungusha kidoleni, ikazunguka kimya. Nikamtazama, akatazama pembeni, akaomba nimletee sili mpya, ule mpira unaozuia grisi isitoke. Nikaleta. Kesho yake akasema sili hii ni nyembamba.

Ikawa ndio mchezo. Njia ikifungwa tena, maana ilikuwa inafungwa na kufunguliwa, anarudisha haabu, anafunga gurudumu, analiosha gari, anakaa mle ndani na redio anasikitika. Njia ikifunguliwa, haabu chini. Gari lilikuwa zima nyakati zile tu ambapo halikuwa na pa kwenda. Nilipoligundua hilo niliingia ndani nikajifungia, nikalia kwa hasira, haki ya Mungu, nikamlilia mwanamke ambaye sijawahi kumwona.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, nami nilimtupia Papa methali hiyo mpaka ikachakaa. Alikuwa anajibu, "Njo vile, mama," basi. Siku moja nikashindwa. Nilikuwa nasonga ugali, nikasikia kutoka dirishani ile nyundo ya shaba, ti, ti, ti, na nilijua mabasi ya mpakani yanaondoka kila siku. Nikashuka na mwiko mkononi, unga unadondoka.

"Papa! Basi lipo! Panda basi ukamchukue mkeo, mrudi na basi, hili dude liozee hapa!"

"Nilimwambia natengeneza gurudumu."

"Gurudumu gani? Hakuna gurudumu! Gurudumu ni zima tangu siku niliyokuuzia beringi! Watu wazima hatudanganyani."

Mlinzi alianza kurudi kinyumenyume. Papa akaweka nyundo chini. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, mwiko ninao. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama Spea, nikifika kule nikute kaburi, nitafanya nini? Hapa, bado iko hai. Kila asubuhi iko hai. Anakaa mu mlango ya kanisa anatazama njia."

"Na kama kweli amekaa mlangoni?"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu ya grisi. Nikarudi juu, ugali umeungua. Tangu siku hiyo sikumwambia tena habari za safari, na mlinzi naye akaacha kuuliza motoka inatembea lini. Papa alizeeka ghafla mbele yetu. Madereva wakapata mafundi wengine. Majani yakaota kuzunguka magogo, na kuku wa watu wakawa wanataga chini ya injini.

Mwanamke alikuja Jumamosi moja mchana, mimi naanika nguo. Mrefu, mwembamba, kitenge safi kilichofifia, na begi dogo. Miguu yake ilikuwa na vumbi la basi. Hakuniuliza jina la mtu. Aliniuliza, "Mama, tafazali, gari moja ya zamani, ya magurudumu mane, ya kutoka Kongo, iko hapa?"

Kibanio cha nguo kiliniponyoka. Nikamwonyesha tu kwa kidole.

Papa alikuwa amekaa juu ya ndoo karibu na gari, haabu iko mapajani, anaifuta. Alimwona. Akajaribu kusimama, haabu ikamzuia, akaiweka chini, akasimama. Alinyoosha mikono kisha akaiona ilivyo, akairudisha nyuma ya mgongo. Walisimama hivyo, na hakuna aliyepiga hatua.

"Uko muzima," mwanamke akasema.

"Niko." Halafu akauliza, "Mama?"

"Alikufa ile mwezi ya kwanza. Tulimuzika nyuma ya kanisa, mi na katekista."

Papa akaanza kueleza. Maskini, maneno yalimtoka yakikimbizana: beringi, Kasese, lori, njia, sili nyembamba. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Nilileta viti na maji. Aliyanywa maji, akanishukuru, akakaa, na alipoanza kusema hakupandisha sauti hata kidogo.

"Sikuja sababu ya gari. Kuko muntu, seremala, bibi yake alikufa. Ni yeye alinijengea nyumba, ni yeye alinipa kula ile miaka yote. Anataka tufunge ndoa mu kanisa. Padre amekataa. Anasema, lete habari ya bwana yako, kama ni mufu ao ni muzima. Nikaulizauliza batu ya biashara. Mumoja akaniambia, hiyo gari minaijua, iko Kampala, iko juu ya miti, majani imeota mu magurudumu. Nikasema basi, amekufa."

"Kwa nini ulisema vile?" Papa akauliza.

"Sababu nilikujua! Bwana yangu kama ni muzima, gari haiwezi kulala. Angekuja na miguu. Njo vile niliambia batu bote, na seremala, na padre. Nilikusifu, weye. Nilikuja hapa kutafuta kaburi yako niweke maua, nirudi."

Kuku walikuwa wanachakura chini ya gari. Mimi ningetaka ardhi inimeze, lakini sikuondoka.

"Sasa nimwambie padre nini?" akauliza. Hapo tu ndipo sauti ilipomkatika.

Papa alikaa tena kwenye ndoo. Akawa anasugua kidole gumba kwenye kiganja kana kwamba kuna doa. Nilimjua kwa miaka mingi kama mtu wa kesho, mtu wa nitaangalia, na sikutarajia kwamba atajibu. Akainua uso.

"Mwambie umeona gari," akasema. "Mwambie iko juu ya miti, majani imeota, na kuku zinataga mu chini. Mwambie umefika mwenyewe na macho yako umeona. Si uongo."

"Na weye?"

"Mi nitabaki vile. Sitaitembeza."

Mkewe alimtazama sana. Kisha akafanya kitu ambacho hata leo kikinijia naacha ninachofanya: alikwenda mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya bodi lake, akapiga ishara ya msalaba, akasali pale amesimama, sala ya marehemu yote, midomo inatembea. Papa aliinamisha kichwa na kuitikia amina. Nilimsindikiza mama yule mpaka kwenye basi.

Toka siku ile Papa hakugusa tena haabu, ya kwake wala ya mtu. Vile vyuma vya haabu yake vilibaki juu ya gunia mpaka mvua ikavila. Watu wa usimamizi wa magorofa walitaka gari liondolewe, akawasihi, nasi majirani tukawasihi, wakachoka wakaliacha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeondoka. Alihamia Port Bell, akawa analinda magunia pale mabehewa yanapopakiwa kwenye meli. Nilimpelekea salamu mara kadhaa, zikarudi salamu.

Mwaka mmoja hivi baadaye, msimu wa mvua kubwa, yule mteja wangu wa kule akaja kununua vipuri, akanipa habari bila kujua anaipa nani. Nikachukua mwavuli nikaenda Port Bell.

Nilimkuta chini ya bati, amejifunika gunia mabegani. Alikuwa amekonda, mikono yake ni safi, kucha nyeupe, na mimi nilishindwa kuizoea mikono ile safi. Akanipisha kwenye boksi lake nikae. Tukasalimiana, tukauliziana afya, tukatazama mvua inavyopiga ziwa. Nikamwambia kwamba padre alikubali. Alisoma kwanza misa ya kumwombea marehemu, yaani yeye, na wiki zilizofuata wakafunga ndoa, mkewe na seremala.

Alitikisa kichwa polepole. "Misa yangu," akasema. "Batu balikuja?"

Mteja alikuwa ameniambia kwamba siku hiyo mvua ilinyesha vibaya, wakaja vikongwe wachache na katekista.

"Walijaa, Papa," nikasema. "Wengine walikosa nafasi, wakasimama nje."

"Nje? Mu mvua?"

"Mvua yote iliwaishia."

Akavuta gunia karibu na shingo. Nilimwona anawafikiria watu wale mmoja mmoja, na sura yake ikajaa huruma.

"Batu ya muzuri," akasema. "Baliteseka bure."